Fundi Akivunja Kumbukumbu ya Familia: Nani Analipa, na Analipa Nini?

Fundi wa rangi anasogeza kabati la sebuleni ili afikie pembe ya ukuta. Juu ya kabati kuna sahani ya kauri ambayo nyanya ya mwenye nyumba alipewa siku ya harusi yake. Sahani inateleza na kupasuka sakafuni. Fundi anaomba radhi, anaokota vipande, kisha anauliza, "Mama, hii ilikuwa pesa ngapi nikulipe?" Mwenye nyumba hana jibu. Hakuinunua, hana risiti, na hata akipewa pesa hajui aende duka gani.

Swali la huyo fundi si utovu wa adabu. Ndilo swali ambalo mahakama nayo ingeuliza, na ndiyo maana migogoro ya namna hii huwa michungu. Mteja anamzungumzia nyanya yake, fundi anazungumzia shilingi, na kila mmoja anamwona mwenzake kuwa hana utu. Makala haya yanaeleza sheria ya Kenya inasema nini pale fundi, mwanakandarasi, dobi au mtu wa kuhamisha vyombo anapoharibu, bila kukusudia, kitu ambacho thamani yake iko moyoni zaidi ya sokoni. Yanawahusu wateja na mafundi pia, maana wote ni wakazi wa kaunti hii.

Si kesi ya polisi

Wengi hatua yao ya kwanza ni kumtishia fundi kwamba atalala seli. Kifungu cha 339 cha Kanuni ya Adhabu (Sura ya 63) kinamlenga mtu anayeharibu mali kwa kusudi na kinyume cha sheria. Ngazi ikiteleza, au nyundo ikitikisa ukuta na picha ikaanguka upande wa pili, hakuna kusudi hapo. Hilo ni dai la fidia kati ya watu wawili, na lina njia zake ambazo tutazieleza.

Vilevile, mteja hana ruhusa ya kushika vifaa vya fundi kama dhamana. Drili, msumeno na ngazi ndivyo vinavyomlisha fundi na watoto wake. Ukivizuia, unaweza kujikuta wewe ndiye unayedaiwa, kwa mali ya mtu uliyoishikilia na kwa siku za kazi alizopoteza.

Ajali ipi hulipiwa?

Kitu kuvunjika peke yake hakumfanyi fundi awe na deni. Kinachomfunga ni uzembe, yaani kukosa uangalifu ambao fundi wa kawaida wa kazi hiyo angekuwa nao mahali hapo. Kanuni hii tumeirithi kutoka sheria ya Uingereza na mahakama zetu huitumia kila siku. Juu yake kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji, Nambari 46 ya mwaka 2012, ambayo inamhesabu kila mtoa huduma kuwa ameahidi huduma ya ubora unaokubalika, hata kama hakutamka neno. Nayo Katiba, katika Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kulipwa hasara inayotokana na kasoro katika bidhaa au huduma.

Tuchukue mifano. Fundi wa stima anatoboa ukuta kwa drili bila kuuliza ni nini kimetundikwa upande wa pili, na saa ya ukutani ya marehemu baba inaanguka. Huo ni uzembe, kwa kuwa kila fundi anajua drili hutikisa ukuta. Fundi wa mabomba anafungua mfereji bila kufunga valvu kuu, maji yanamwagika na kulowesha sanduku la picha. Huo nao ni uzembe. Lakini mtoto wa nyumbani akija mbio akaigonga ngazi ambayo fundi ameisimamisha vizuri, au rafu iliyokuwa imeoza ndani kwa ndani ikaporomoka yenyewe fundi alipokuwa chumba kingine, ni vigumu kusema fundi alikosa uangalifu. Hapo hasara hubaki kwa mwenye nyumba, hata kama inauma.

Fundi mkuu hujibu kwa niaba ya watu aliowaajiri. Ukimpa kazi fundi mmoja naye akaja na vibarua watatu, kibarua akivunja kitu akiwa kazini, dai lako ni kwa fundi uliyeagana naye. Hawezi kukuambia, "Huyo kijana ndiye alivunja, mtafute yeye."

Mteja naye ana sehemu yake. Kama fundi alikuambia siku mbili kabla uondoe vyombo ukutani, ukaviacha, mahakama inaweza kugawa lawama na kukupunguzia fidia kwa kiasi cha uzembe wako. Hilo linatoka kwenye Sheria ya Marekebisho ya Sheria (Sura ya 26). Mgawanyo si lazima uwe nusu kwa nusu. Hutegemea nani alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuzuia hasara.

Kitu ulichomwachia fundi dukani

Mambo hubadilika unapokabidhi kitu chenyewe mikononi mwa fundi: redio ya babu kwa fundi wa redio, leso za mama kwa dobi, kiti cha mpingo kwa seremala, saa kwa fundi wa saa. Fundi akishakipokea, anakuwa mtunzaji wa kitu hicho hadi akurudishie. Kikipotea au kikiharibika, si wewe unayehitajika kuthibitisha kwamba alizembea. Yeye ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba alikitunza inavyopasa. Mteja hakuwepo pale dukani. Hawezi kujua kama kiliangushwa, kililoweshwa au kiliachwa barazani usiku.

Kuna kesi moja maarufu ya Uingereza ya miaka ya 1970 inayoeleza jambo hili vizuri. Familia ya Levison iliwapa wasafishaji zulia la Kichina la thamani ya pauni 900. Zulia lilipotea. Karatasi ya kampuni ilisema kwamba haitalipa zaidi ya pauni 40. Mahakama ya Rufaa ya huko iliamua kwamba wasafishaji ndio waliopaswa kueleza zulia lilipatwa na nini, na kwa kuwa walishindwa kueleza, hawangeweza kujificha nyuma ya zile pauni 40. Maamuzi ya Uingereza ya wakati huo hayazifungi mahakama za Kenya, lakini husomwa na kuzingatiwa, hasa pale ambapo hakuna uamuzi wetu wenyewe unaolenga jambo hilohilo.

Siku hizi kitu chenye kumbukumbu nyingi kuliko vyote ni simu. Ndani yake kuna sauti ya mzazi aliyefariki na picha za mtoto tangu azaliwe. Unaipeleka kwa fundi ibadilishwe kioo, inarudi ikiwa safi kama mpya, haina kitu ndani. Fundi wa simu anayejua kazi yake huuliza kabla ya kufuta: "Umehifadhi vitu vyako kwingine?" Asipouliza, na ukarabati wenyewe haukuhitaji simu kufutwa, ana la kujibu. Kwa mteja ushauri ni mfupi: nakili kila kitu kwanza, hata ikiwa ni kwenye simu ya jirani. Hakuna uamuzi wa mahakama utakaokurudishia sauti hiyo.

Thamani ya soko na thamani ya moyo

Hapa ndipo wakazi wengi huvunjika moyo, kwa hiyo tuseme wazi. Kanuni ya jumla ni kwamba fidia humrudisha mtu, kadiri fedha inavyoweza, mahali alipokuwa kabla ya hasara. Kipimo cha kawaida ni gharama ya kukarabati kitu kama kinaweza kukarabatiwa, au bei yake sokoni kama hakiwezi. Bei ya sokoni ni ya kitu kama hicho kilivyokuwa, na uzee wake, wala si bei ya kipya. Mapenzi ya mwenye kitu kwa kawaida hayaingizwi kwenye hesabu.

Sababu si ukatili. Jaji hawezi kupima huzuni ya mtu mmoja kwa kikombe na ya mwingine kwa fremu, na fundi anayelipwa 1,500 kwa siku hangeweza kukubali kazi yoyote kama kila chombo nyumbani kingeweza kugeuka kuwa deni lisilo na kikomo. Hata hivyo ni kweli kwamba kanuni hii humwacha mtu aliyepoteza picha pekee ya mamake na fidia ya bei ya fremu.

Hata hivyo kuna milango mitatu ambayo haijafungwa.

Wa kwanza ni gharama ya kurejesha. Usiombe fidia ya "picha ya mama". Omba gharama ya studio ya kuisafisha na kuichapisha upya, gharama ya gundi na kazi ya mtu anayejua kuunga kauri, au ya mchongaji wa kurudisha mguu wa kiti uliokatika. Hizo ni shilingi zinazoweza kuhesabiwa, na mara nyingi huzidi bei ya sokoni ya kitu kikuukuu. Mahakama huzikubali zikiwa za busara.

Wa pili ni pale ambapo kumbukumbu yenyewe ndiyo iliyokuwa shabaha ya kazi. Mpiga picha wa harusi hauzi karatasi, anauza kumbukumbu. Mwaka 1971 mahakama moja ya Scotland ilimpa bibi harusi pauni 30 kwa masikitiko, baada ya mpiga picha aliyekodiwa kutofika kabisa harusini. Mwaka 2001 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilikubali kwamba, ikiwa sehemu muhimu ya makubaliano ilikuwa kumpa mteja utulivu au furaha ya nafsi, kukosekana kwake kunaweza kulipiwa. Kiasi kinachotolewa katika kesi kama hizo huwa cha wastani. Basi mtu aliyekodiwa kukarabati picha ya marehemu yuko katika hali tofauti na fundi wa bomba aliyeiangusha akipita.

Wa tatu ni bei ya sokoni yenyewe. Wengi hudhani kitu cha zamani hakina bei. Sahani za kale zilizokuwa zikipamba kuta za nyumba za Lamu, viti vya enzi, makasha ya mbao yenye misumari ya shaba, sarafu na vito vya fedha vina wanunuzi. Pata maoni ya maandishi kutoka kwa mtu anayeviuza au anayevitengeneza.

Chochote utakachodai, jiandae kukithibitisha. Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilieleza katika kesi ya Hahn dhidi ya Singh, mwaka 1985, kwamba hasara mahususi lazima itajwe waziwazi na ithibitishwe kikamilifu, ingawa kiwango cha uthibitisho hutegemea mazingira ya jambo lenyewe. Kusema "ilikuwa ya thamani kubwa" hakutoshi. Picha ya kitu kikiwa kizima na makadirio ya fundi mwingine yaliyoandikwa kwa mkono vinaweza kutosha.

Maneno mawili kabla ya kazi

Tangu kesi moja ya Uingereza ya mwaka 1854 iliyohusu kinu cha kusaga nafaka, mahakama hufuata kanuni kwamba mvunja mkataba hulipa hasara ambayo pande zote mbili zingeweza kuitarajia walipokuwa wakiagana. Kwa lugha ya nyumbani: fundi akiambiwa, anabeba uzito zaidi, asipoambiwa, anabeba ule wa kawaida. Ndiyo maana maneno machache kabla ya kazi yana nguvu kuliko barua ndefu baada ya hasara.

Ujumbe wa simu unatosha. Kwa mfano: "Fundi, kesho ukija kupaka rangi, ile sahani ya bluu na picha mbili za mzee ni za urithi. Nitaziondoa mwenyewe. Kabati la sebuleni usilisogeze kabla sijafika. Tumeagana 20,000, nimetuma 8,000." Ujumbe huo una bei, malipo, na onyo, na una tarehe yake. Fundi akijibu "Sawa mama", mmeshaandika mkataba.

Bora zaidi ni kuondoa kitu chenyewe. Kipeleke kwa jirani, kifungie chumba ambacho hakiguswi, au kiweke kitandani katikati ya mablanketi. Wapangaji wakumbuke kwamba mwenye nyumba anaweza kutuma fundi wa paa wakati nyinyi mko kazini. Ombeni mjulishwe siku ya kazi mapema.

Kwa mafundi: ukiingia nyumba ya mtu, zunguka naye dakika tano kabla ya kufungua mkoba. Uliza ni nini hakitakiwi kuguswa. Una haki ya kusema, "Hiki sikisogezi mimi, kitoe wewe kwanza." Piga picha za chumba kwa ruhusa ya mwenyewe, ili usije ukalaumiwa kwa ufa uliokuwepo tangu zamani. Wanakandarasi wenye kampuni waulize kampuni za bima kuhusu bima ya madhara kwa mali ya watu wengine.

Bango la "mali ni kwa hatari ya mwenyewe"

Madobi, karakana na magari ya kuhamisha vyombo hupenda kuandika kwamba hawatawajibika kwa uharibifu wowote. Bango si sheria. Sharti linalonuia kufuta ile dhamana ya ubora iliyomo katika Sheria ya Kulinda Watumiaji halina nguvu. Sharti ambalo mteja hakuonyeshwa kabla ya kuagana nalo ni dhaifu. Risiti unayopewa baada ya kulipa haiwezi kukufunga kwa jambo usilolijua. Na sharti lililoelezwa kwa uongo humrudia mwenyewe. Mwaka 1951 mwanamke mmoja Uingereza alipeleka gauni lake la harusi kwa dobi. Akaambiwa atie sahihi karatasi, naye alipouliza kwa nini, akajibiwa ni kuhusu shanga na vimetameta vya gauni tu. Karatasi kwa kweli iliondoa wajibu wa kila uharibifu. Gauni lilirudi na doa, na mahakama ikakataa kampuni isijitetee kwa karatasi hiyo.

Kwa hiyo usione bango ukakata tamaa. Wala usitie sahihi kabla ya kuuliza.

Kikishavunjika

Simamisha kazi kwa muda. Piga picha ya kitu kilivyo, mahali kilipoanguka, na kilichokuwa karibu nacho. Okota vipande vyote, hata vile vidogo, uviweke kwenye bahasha au mfuko. Usivitie gundi ya haraka ya dukani. Ikikauka vibaya inaweza kuwa vigumu hata kwa mtaalamu kurekebisha. Picha iliyolowa usiibandue kwa nguvu kwenye kioo, na picha zilizoshikana usizivute kavu. Kisha mwandikie fundi ujumbe siku hiyohiyo ukieleza kilichotokea kwa lugha tulivu. Fundi naye ajibu. Kusema pole si aibu, na ukweli ulioandikwa mapema huwasaidia nyote.

Baadaye tafuta makadirio ya ukarabati, mawili ikiwezekana. Hapo ndipo mkae muongee pesa.

Jambo linaloleta ugomvi mkubwa ni salio la kazi. Kuvunjika kwa kitu hakufuti malipo yote ya kazi iliyofanywa. Turudi kwa mfano wa rangi ya 20,000: umelipa 8,000, limebaki deni la 12,000. Makadirio ni 3,500 kuunga sahani, 1,500 fremu mpya na 2,000 kusafisha na kuchapisha picha upya, jumla 7,000. Kazi ya rangi ikiwa imekamilika vizuri, lipa 5,000 na mkubaliane kwa maandishi kuhusu zile 7,000. Kukataa kulipa hata senti moja kunampa fundi dai dhidi yako. Hesabu hii ni ya mfano tu, lakini njia yake ndiyo hiyo.

Si lazima fidia iwe fedha taslimu. Fundi anaweza kukubali kupeleka kitu mwenyewe kwa mkarabati na kulipia, kuongeza chumba kimoja bila malipo, au kulipa kwa awamu tatu kupitia M-Pesa. Kwa maoni yetu makubaliano kama haya huridhisha zaidi kuliko hukumu, kwa sababu mteja huona juhudi, na mara nyingi juhudi ndiyo aliyokuwa akiitafuta tangu mwanzo. Angalieni tu neno moja: ukitia sahihi karatasi inayosema umepokea "malipo kamili na ya mwisho", huwezi kurudi kesho kudai zaidi.

Mfanyakazi wa nyumbani ni jambo jingine

Baadhi ya wakazi hukata mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani kila anapovunja glasi. Huyo si mwanakandarasi. Ni mwajiriwa, na analindwa na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Kifungu cha 19 kinaruhusu makato ya kiasi cha haki kwa mali iliyoharibiwa au kupotea kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Sahani iliyoponyoka ikioshwa si makusudi. Na hata makato yote yanayoruhusiwa yakijumlishwa, hayawezi kuzidi theluthi mbili za mshahara kwa wakati mmoja. Kama ni kikombe cha marehemu mama, kiosheni wenyewe.

Mlalamiko unapelekwa wapi

Anza karibu. Wazee wa mtaa, chifu au naibu wake, viongozi wa dini na vyama vya mafundi wanaweza kuwakalisha pamoja. Katiba katika Kifungu cha 159 inahimiza upatanisho na njia za kijadi za kutatua migogoro. Chifu hana mamlaka ya kutoa hukumu ya fidia, lakini makubaliano mtakayoandika mbele yake yana uzito.

Ofisi ya biashara ya kaunti ni mlango wa pili. Jedwali la Nne la Katiba limezipa serikali za kaunti jukumu la leseni za biashara na mienendo ya haki katika biashara. Ofisi inaweza kupokea malalamiko dhidi ya mfanyabiashara na kumwita mzungumze. Haiwezi kumwamuru alipe. Hiyo ni kazi ya mahakama.

Ikishindikana, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kusikiliza kesi Milimani, Nairobi, mwaka 2021, kabla ya kuenezwa sehemu nyingine za nchi. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya mikataba ya huduma na ya hasara kwa mali. Si lazima uwe na wakili. Haifungwi kikamilifu na kanuni ngumu za ushahidi, na sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Fundi anayedai salio lake anaweza kwenda huko vilevile, na mteja aliyeshtakiwa anaweza kuleta dai lake la kitu kilichovunjika katika kesi hiyohiyo. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu, lakini kwa hoja za sheria pekee. Uliza kwenye sajili ya mahakama iliyo karibu nawe ni wapi mahakama hiyo inakaa na ada yake ni kiasi gani; kwa dai la 3,000, pima kwanza kama nauli na ada havitakula fidia yote.

Kabla ya kufungua kesi, mpelekee mdaiwa barua ya madai yenye kiasi unachotaka, sababu, na siku za kujibu. Ukienda mahakamani beba kitambulisho, nakala ya barua hiyo, ujumbe mlioandikiana, rekodi za M-Pesa, picha, makadirio, na vipande vyenyewe.

Wanakandarasi wa miradi ya umma

Mtaro wa maji unachimbwa, barabara inapanuliwa, na tingatinga linagonga ukuta wa kaburi la familia au kuangusha mwembe uliopandwa na babu. Kanuni za uzembe ni zilezile, na mwanakandarasi wa mradi wa umma hana kinga kwa kuwa kazi ni ya serikali. Tofauti ni kwamba mikataba ya ujenzi wa umma kwa kawaida humtaka awe na bima ya madhara kwa mali ya watu wengine, kwa hiyo kuna mahali pa kudai.

Vigingi vikianza kupigwa karibu na kwenu, usingoje tingatinga. Mwandikie msimamizi wa wadi na mhandisi wa mradi ukiwaonyesha makaburi, miti na kuta zilipo, ambatanisha picha, na baki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Hasara ikitokea, peleka dai kwa mwanakandarasi na nakala kwa mhandisi. Muda wa kufungua kesi ya uzembe ni miaka mitatu tangu tukio, na wa kuvunja mkataba ni miaka sita, kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo wa Madai (Sura ya 22).